Moto usiounguza wa Nottingham

Wiki hii nakupeleka mamtoni, lakini London tunaipita tu. Tunakwenda Nottingham, katikati ya Uingereza, kwao Robin Hood, yule jambazi wa hadithi aliyewaibia matajiri na kuwagawia walalahoi. Sanamu yake ya shaba imesimama jirani na ngome ya mji tangu 1952, upinde mkononi.

Usidhani nilikwenda kutanua. Nilitumwa! Kaka yangu ana miaka sita huko, usiku anabeba boksi ghalani, na habari zilizofika nyumbani Temeke zilikuwa mbaya: eti hela yote inaishia kwenye midoli. Ukoo mzima ukachangia tiketi. Mama akaniambia, "Mwanangu, kamtazame mwenzio. Kama kichwa hakiko sawa, rudi naye."

Basi siku ya pili tu kaka akanipeleka mtaa wa Lenton, yaliko makao makuu ya Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975 na vijana watatu. Mchezo wao wa vita, Warhammer, ulitoka 1983. Nje kuna askari mkubwa wa kutisha, mabega kama kabati. Ndani, bwana wee! Makabati ya vioo yamejaa majeshi: mazimwi, majoka, wachawi. Mtu wa kawaida urefu wake milimita 28 hivi, lakini kapakwa mpaka mboni ya jicho. Watu wazima wenye vipara wameinamia meza, wanapigana vita kwa dadu. Kuna hata mashindano ya upakaji, Golden Demon, yaliyoanza 1987. Bingwa wa mabingwa anapewa upanga wa kweli. Nikasema moyoni: kumbe kaka hajachanganyikiwa peke yake!

Kilichoniganda ni moto. Mchawi ameshika mwenge, na ungeapa unawaka, kumbe rangi tupu.

Usiku ule kaka hakuwa na zamu. Akanipa brashi nyembamba na mchawi wangu. Nikapaka moto mwekundu chini, ncha nikazitia njano. Akacheka. "Dogo, umeupindua. Moto unang'aa zaidi pale kwenye moyo wake." Akaanza upya: nyeupe kwanza, halafu njano iliyozimuliwa kwa maji mpaka ikawa kama chai ya rangi, halafu machungwa, kisha nyekundu, na ncha kabisa akazitia giza.

Kazi ikabaki kwenye nuru. "Jifanye wewe ndiye moto," akasema. "Weka jicho lako hapo kwenye mwenge. Unachokiona kipake mwanga, usichokiona kiache gizani." Tena mwanga unachoka haraka: umbali ukiwa mara mbili, nuru inabaki robo. Na chochote kilicho jirani kisiung'alie moto wenyewe, la sivyo umeuzima.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

Hakujibu. Akafungua droo, akatoa kibati kilichowekwa pamba. Ndani hamkuwa na zimwi. Alikuwa mwanamke amechuchumaa, kanga kiunoni, mbele yake kikaango, pembeni koroboi. Alikuwa amemchonga upya kutoka kwenye kisanamu cha mchawi. Kidevu kina mwanga, pua ina mwanga kwa chini, macho yamo kivulini, na mgongo wote ni giza.

Msomaji, nilimjua kabla hajasema kitu. Ndiye aliyenituma! Tulipokuwa wadogo mama alikaanga vitumbua saa kumi alfajiri, na kaka akisomea mwanga uleule, kachuchumaa upande wa pili. Nuru ile hakufundishwa na Mzungu.

"Nimempaka mara nne," akasema. "Kila nikimkumbuka namkosea mahali."

Nilikuwa na hotuba ndefu ya kumrudisha. Ikaniishia kooni. Nikamwomba kile kibati tu.

Nyumbani mama alikipeleka dirishani, akakigeuzageuza mkononi. "Mbona mgongoni hakumalizia?"

"Kamalizia, mama. Ndiyo giza hilo. Koroboi iko mbele."

Akanyamaza, kisha akasema, "Kweli. Mgongo ulikuwa unanipiga baridi." Akakiweka juu ya kabati, pembeni ya redio, mahali watoto hawafiki. "Mwache kwanza. Mtu anayekumbuka hivi hajapotea. Ila mwambie apige simu!"

Nimemwambia. Sasa anapiga kila Jumapili, na wewe uliye mbali, chukua hiyo. Koroboi iko hapa nyumbani inawaka mchana na usiku, na mafuta ya taa hatununui. Tukutane wiki ijayo!