Rangi ya Gari Haina Ctrl+Z

Wiki tatu sijaandika kitu hapa. Walioniuliza kama nimehama nawashukuru, sijahama. Nilikuwa nyumbani Mombasa, na kwa siku nne sikugusa kompyuta. Niligusa gari. Kwa hivyo leo ni habari za gari, na wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata wanivumilie kidogo.

Gari lenyewe ni la Baba. Ni Toyota Corolla ya 1998, rangi ya bluu iliyokoza yenye chembechembe za kumetameta. Alilinunua mwaka 2005, nikiwa na miaka minane. Baba ana presha ya macho, na daktari alimweleza wazi kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi, dawa ni ya kulinda uliobaki. Mwaka jana aliacha kuendesha usiku. Mwaka huu ameacha kabisa. Mwalimu mmoja wa mtaani kwetu akasema atakuja kuliangalia gari Jumamosi, na mimi nikajitolea kuling'arisha kabla hajafika.

Sikuwa nimewahi kushika mashine ya polishi maishani mwangu. Lakini nilitazama video njia nzima kwenye treni kutoka Nairobi, na sisi watu wa programu tuna ugonjwa wetu: tukishasoma maelezo tunadhani tumeshajua kazi.

Kwanza nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalielewa. Nilidhani polishi inaongeza kitu juu ya rangi, kama mafuta kwenye kiatu. La. Nta ndiyo inayoongeza. Polishi inapunguza. Juu ya rangi ya gari kama hili kuna tabaka gumu lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia, na unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 au 50 hivi. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una mikroni kama 70. Kwa hivyo kinachoilinda rangi ni chembamba kuliko unywele. Mikwaruzo midogo ni mifereji ndani ya hiyo klia. Ukipiga polishi hujazi mifereji, unashusha uwanja mzima mpaka ulingane na chini ya mfereji. Ulichokitoa hakirudi.

Mikwaruzo ya gari letu ilitoka wapi? Nililisogeza juani, na boneti yote ikaonekana kama utando wa buibui, viduara juu ya viduara. Nikakumbuka ndoo moja, sabuni ya unga, na kitambaa kilekile kila Ijumaa asubuhi kabla ya Baba kwenda msikitini. Mchanga unaingia kwenye kitambaa, kitambaa kinazungushwa, na kila chembe inaandika mstari wake. Miaka yote hiyo ya kulitunza ndiyo iliyolichora. Sikumwambia.

Rafiki yangu mwenye mahali pa kuoshea magari aliniazima mashine mbili. Moja ni ya wanafunzi: pedi yake inazunguka huku ikiyumba, kwa hivyo joto halikusanyiki mahali pamoja. Ya pili inazunguka tu, moja kwa moja, kama grainda. Inafanya kazi haraka zaidi na inaunguza haraka zaidi. Akaniambia, "Hii kubwa usiiguse mpaka umalize gari lote na hii ndogo." Nikamwuliza kwa nini basi ananipa. Akacheka.

Jumatano nilikuwa mwanafunzi mwema. Nikaosha gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Nikavaa mfuko wa nailoni mkononi na kupapasa boneti. Jaribuni hili, ni la ajabu: rangi inayoonekana safi inakwaruza kama msasa, kwa sababu uchafu umejikita ndani yake. Nikaupitisha ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, na maji ya sabuni ya kutelezesha, mpaka mkono ukapita kimya. Kisha nikalisukuma gari chini ya banda la makuti, kwa sababu bodi ikiwa na joto polishi inakauka kabla haijafanya kazi.

Alhamisi nikaanza kwa mraba mmoja tu wa boneti, kama sentimita 50 kwa 50. Pedi laini, polishi nyepesi, matone manne ya ukubwa wa punje ya kunde. Unaiweka pedi kwanza, ndipo unawasha. Ukiwasha ikiwa hewani utapaka ukuta wa jirani polishi (ukuta wa jirani ulipakwa polishi). Unakwenda polepole, mstari juu ya nusu ya mstari, halafu unapita kwa kukata njia ileile. Ukifuta, unapangusa na spiriti iliyozimuliwa, maana mafuta ya polishi yanaficha mikwaruzo na unaweza kujidanganya.

Pedi laini haikutosha. Nikapanda ngazi moja tu: polishi ileile, pedi ngumu kidogo. Nikamulika kwa tochi. Kushoto utando wa buibui, kulia bluu ambayo sikuiona tangu darasa la tatu. Nilikaa chini nikaitazama. Nimeandika programu zinazotumiwa na watu wengi, lakini ni mara chache nimefurahia kazi ya mikono yangu namna ile.

Kanuni yenyewe tunaijua: jaribu mahali padogo, anza na nguvu ndogo kabisa, pima, ndipo uendelee. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, uache, ni mrefu kuliko klia inavyoweza kuvumilia.

Ijumaa stima ilipotea saa nne asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Nilikuwa nimebakiza upande wote wa kulia na buti. Mwalimu anakuja kesho asubuhi. Wenzangu wa kazi yetu mnajua msemo wetu: hakuna kupeleka mabadiliko Ijumaa jioni. Nami nikachukua mashine kubwa.

Mlango wa mbele ulitoka vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Madigadi ya nyuma ina mkunjo unaopita juu ya gurudumu. Kwenye mikunjo na kingo rangi huwa nyembamba, kwa hivyo unatakiwa kuzibandika tepu ya karatasi kabla ya kuanza. Siku mbili nilibandika. Ijumaa sikubandika. Niliinamisha mashine kidogo, sekunde tatu au nne, nikasikia harufu. Nilipoizima, pedi nyeupe ilikuwa na doa la bluu.

Mikono ilikufa ganzi. Bluu kwenye pedi maana yake klia imekwisha na unakula rangi yenyewe. Juu ya mkunjo palikuwa na alama iliyofifia, urefu wa kidole kidogo. Kidole changu kilitafuta Ctrl+Z, kweli kabisa, hewani. Kazini nikiharibu narudisha toleo la jana. Hapa hapakuwa na jana. Kilichokuwa juu ya mkunjo ule tangu 1998 sasa kilikuwa kwenye pedi na kwenye shati langu.

Wazo lililofuata silo la kujivunia. Nta ingeificha alama ile kwa wiki kadhaa. Mwalimu asingeiona, na Baba asingeiona kamwe.

Alitoka baada ya Magharibi, akaweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha mpaka kwenye kioo.

"Limekuwa kama sahani," akasema.

"Baba, nimeliunguza mahali."

"Wapi?"

Nikamshika mkono nikauweka juu ya madigadi. Akapapasa. Hakusikia tofauti.

"Basi kesho utamwonyesha Mwalimu wewe mwenyewe," akasema. "Mimi sitapaona."

Nikamwonyesha. Mwalimu aliinama, akatazama, akauliza fundi atataka kiasi gani. Nikamwambia madigadi nzima lazima ipigwe klia upya, na tukakubaliana elfu nane zipunguzwe kwenye bei. Baba alikubali bila kugeuza uso. Hizo elfu nane nimemtumia mimi, kwa M-Pesa, na yeye amezirudisha. Nimezituma tena. Bado tunavutana.

Mwalimu alipoondoka na gari, Baba alisimama mlangoni akisikiliza mpaka injini ilipokata kona.

"Amebadilisha gia mapema mno," akasema, akaingia ndani.

Mashine zote mbili nimezirudisha. Mwenyewe aliiangalia pedi yenye doa la bluu, hakuuliza kitu. Ile pedi nimemlipia na nimebaki nayo, iko hapa juu ya meza kando ya kibodi. Wiki ijayo, Mungu akipenda, sehemu ya pili ya hifadhidata. Nitaanza na namna ya kuhifadhi nakala kabla ya kugusa chochote.