Manahodha Wawili

Tangu tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari karibu na Afrika Kusini na Tanzania ikataabika, bahari imekuwa mshitakiwa wa kila intaneti inayozimika. Hukumu hiyo si ya haki daima.

Katika nyumba moja ya Shangani, mjini Mtwara, mtandao ulikufa siku ilipofungwa modemu mpya. Majirani walikuwa nao, bahari ilisingiziwa. Wala haukuwa mchezo: bibi wa nyumba ile ana mwana Palma, ng'ambo ya Ruvuma, mji ulioshambuliwa Machi 2021, na tangu hapo hapati usingizi asipoisikia sauti yake.

Mjukuu aliunga kompyuta na modemu kwa waya, mtandao ukaja. Alipoupitisha katika ruta ya zamani, ukatoweka. Kumbe modemu ya kwanza ilikuwa tarishi tu, na hii mpya ilikuwa ruta pia. Zote mbili ziligawa anwani, na zote mbili zilijiita 192.168.1.1. Ruta ilitafuta mlango wa nje, na jina la mlango lilikuwa jina lake yenyewe: manahodha wawili, chombo kikaenda mrama kingali bandarini. Wengi wafikapo hapa hununua ruta nyingine, hasara tupu.

Mjukuu aliiachia modemu kazi ya kugawa anwani, akaivua ruta cheo hicho, akaipa anwani isiyogawiwa kifaa kingine, akahamisha waya kutoka tundu la nje hadi la ndani. Alizima vyote, akawasha modemu kwanza. Jina la mtandao na neno la siri hakuyagusa, maana simu ya bibi ilikuwa imeyazoea.