Pikap ya zaire 200

Ukipita Musonoie au Luilu siku ya Jumapili, ndani ya nyumba za wafanyakazi wa Gécamines, bado utaona saluni yenye kitu kikubwa cha mbao kilichofunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Ni pikap na bafle zake mbili. Pembeni kuna sahani za muziki, pengine za Mwenda wa Bayeke, mtoto wa Bunkeya. Baba aliinunua wakati wa Zaire. Sasa baba hayuko, na familia inagawana vitu.

Kwa mjane mmoja wa Luilu, karatasi ya duka ilionekana: 1974, zaire 200. Shemeji zake wakacheka. Leo falanga 200 hazinunui hata mkate! Basi wakataka kuibeba bure, bila kuihesabu katika sehemu yao.

Lakini zaire ya 1974 haikuwa falanga ya leo. Ilipozaliwa 1967, zaire moja ilikuwa dolari 2, na ilikaa hivyo mpaka 1976. Kwa hiyo baba alitoa dolari 400. Na dolari nayo imeliwa: bei za Marekani zimepanda zaidi ya mara sita tangu wakati ule. Hapo tunafika karibu dolari 2,500 za leo. Hesabu hiyo inaonyesha mzee alijinyima kiasi gani.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, na zaire ikafuata. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 peke yake bei zilipanda karibu mara mia. Mwaka 1998 ikaja falanga, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe: falanga moja ni zaire za baba bilioni 300. Na falanga hiyo ilianza chini ya 2 kwa dolari. Leo zinatakiwa zaidi ya 2,000.

Ila bei ya kununua zamani siyo bei ya kuuza leo. Hakuna atakayeleta dolari 2,500 pale Luilu. Vijana wanataka bafle ndogo inayocheza muziki wa simu hata umeme ukikatika, tena kwa bei ndogo sana. Sisi wa Kolwezi tusiidharau: betri yake huenda ina kobalti iliyochimbwa chini ya nyumba za Kasulo. Lakini betri ikikufa, wengi wanaitupa. Pikap inafunguliwa, inabadilishwa sindano na mkanda, inazunguka tena.

Mjane aliita fundi wa radio. Mota ilikuwa nzima, bafle moja imepasuka. Fundi akataja bei kwa dolari jinsi ilivyo sasa, nao wakaandika orodha upya, na tarehe juu. Shemeji mkubwa aliyeitaka sana akaulizwa ataitoa katika sehemu yake, ama ataiacha. Akaiacha.