Farasi Mdogo wa Machimboni na Mwandani Wake

Wahenga walinena, "Punda afe, mzigo ufike." Maneno haya aghalabu hutamkwa kwa kicheko, na mwenye kuyatamka huwa ni mwenye mzigo, mwenye punda hunyamaza. Wala haisemwi katika methali hiyo ni nani atakayemlilia punda yule baada ya mzigo kufika. Lakini katika nchi ya Uingereza walikuwako watu maskini, wachimbaji wa makaa ya mawe, ambao kwa muda wa karibu miaka 250 walifanya kazi chini ya ardhi pamoja na farasi wadogo, na wengi wao waliwalilia farasi hao kama mtu amliliavyo ndugu yake. Habari yao yafaa kusomwa na kila mtu aliye na mnyama wa kazi nyumbani kwake.

Farasi walianza kutumiwa machimboni katika jimbo la Durham, kaskazini ya Uingereza, yapata mwaka 1750. Waliopendwa zaidi katika machimbo ya kaskazini walikuwa farasi wa visiwa vya Shetland, vilivyo baharini kaskazini ya Uskoti. Visiwa hivyo vina upepo mkali na baridi nyingi, na malisho yake ni haba, hata wakati wa kipupwe farasi hushuka ufuoni kula mwani. Kwa kuishi hivyo vizazi na vizazi, farasi wa huko wakawa wafupi, wanene wa kifua, wenye manyoya mazito na miguu imara. Mrefu wao hazidi sentimita 107 mabegani, yaani hamfikii mtu mzima kifuani. Lakini ukimpima kwa nguvu zake na si kwa kimo chake, utakuta farasi wengi wakubwa hawamwezi.

Sababu iliyowafanya waingie mashimoni kwa wingi ni ya kuhuzunisha. Zamani makaa yalivutwa na watoto na wanawake, kwa kuwa njia za chini zilikuwa fupi mno hata mtu mzima hawezi kusimama wima. Mwaka 1838, katika kijiji cha Silkstone, jimbo la Yorkshire, mvua kubwa ilifurisha kijito, maji yakaingia mgodini, na watoto 26 wakafa maji. Msiba huo ulizitikisa nyoyo za watu. Uchunguzi ukafanywa juu ya kazi za watoto machimboni, na mwaka 1842 ikapitishwa sheria ya kuwakataza wanawake, wasichana, na wavulana walio chini ya miaka 10 wasifanye kazi chini ya ardhi. Basi wenye migodi wakatafuta kiumbe mwingine awezaye kupita mahali pa mtoto, wakamwona farasi wa Shetland. Mtukufu mmoja mwenye migodi huko Durham, Marquess wa Londonderry, alifuga farasi wake mwenyewe katika visiwa vya Bressay na Noss tangu miaka ya 1870, akichagua walio wafupi na wenye nguvu. Majike walibaki visiwani kuzaa, na madume wakapelekwa mashimoni.

Hata hivyo sheria hiyo haikumtoa mtoto machimboni kabisa. Mvulana aliyetimiza miaka yake aliajiriwa kwanza kufungua na kufunga milango ya hewa, akikaa gizani peke yake saa nyingi. Alipokua kidogo alikabidhiwa farasi, na tangu siku hiyo hakuwa peke yake tena. Urafiki unaosimuliwa hapa ulianzia hapo: wawili wadogo, mmoja wa miguu miwili na mwingine wa miguu minne, wametumwa mahali pasipo jua, wala hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anataka kwenda.

Katika migodi yenye mashimo marefu, farasi walikuwa na mabanda yao chini kwa chini. Huko walilala, wakala, wakanywa, wakatunzwa na saisi. Juu walipandishwa mara chache tu, wakati wa sikukuu ya wachimbaji au wakati wa migomo mikubwa kama ule wa mwaka 1926. Walipofika juu kwanza walisimama kimya wakifumba macho, kwa maana nuru ya mchana iliwaumiza. Kisha walipoyazoea majani na hewa walikimbia, wakarusha mateke, wakajigaragaza. Na watu wa kijiji, wakubwa kwa wadogo, walikuja uani kutazama furaha yao.

Kazi yao ilikuwa kuvuta vigari vya makaa juu ya reli. Kwa saa 8 farasi mmoja aliweza kuvuta jumla ya tani 30 hivi. Alivalishwa kofia ya ngozi ili asijigonge kichwa na ili macho yake yasipatwe na mawe. Kijana alikwenda naye na taa yake, akimwita kwa jina, na farasi aliijua sauti ya bwana wake hata mahali ambapo taa imezimika. Ikitokea hivyo, kijana alimshika mkia, naye farasi akamwongoza mpaka bandani, kwa kuwa aliijua kila kona ya njia.

Akili ya farasi hao ilisimuliwa sana. Wako waliojifunza kufungua kopo la chakula cha wachimbaji na kula mkate wote. Wako waliojua idadi ya vigari vyao kwa kuisikia minyororo ikikaza mmoja baada ya mwingine. Ukiongeza kigari kimoja zaidi ya desturi, farasi hakubanduka hapo mpaka kimefunguliwa. Yako na mambo mazito kuliko hayo. Wachimbaji wengi walieleza jinsi farasi alivyosimama ghafula njiani, akakataa kwenda ijapokuwa amepigwa na kutukanwa; na punde si punde mwamba wa juu ukaporomoka mbele yao. Yamkini masikio yake yaliusikia mwamba ukilia kabla ya masikio ya mtu. Kijana aliyeokoka kwa njia hiyo hakumpiga tena farasi wake, wala hakukubali mwingine ampige.

Haifai kudhani kwamba wote walikuwa wema. Wapo vijana waliowatesa farasi, hasa kwa kuwa wengi walilipwa kwa hesabu ya vigari, na farasi mvivu au mchovu alipunguza mshahara. Wapo pia wenye migodi waliowatumia hata vipofu na wagonjwa. Sheria ya kwanza ya kuwalinda farasi wa chini ya ardhi ilitungwa mwaka 1887, na ile ya mwaka 1911 ikazidi kuwahifadhi: farasi asishushwe kabla ya kutimiza miaka minne, kipofu asifanyizwe kazi, na saisi aandike kila siku hali ya farasi walio chini ya ulinzi wake. Tangu hapo, mwenye kumtesa farasi aliweza kushtakiwa.

Lakini liko neno moja lililowachoma wachimbaji moyoni. Walisimuliana, baba kwa mwana, kwamba mwamba ukiporomoka, mkubwa wa mgodi huuliza kwanza, "Farasi yu hali gani?" kabla ya kumwuliza mtu. Farasi alinunuliwa kwa fedha, na kijana akifa mwingine yuko mlangoni akingoja kazi bila ya kununuliwa. Mtu angaliweza kudhani kwamba kijana mwenye kujua hayo angemchukia farasi wake. La ajabu ni kwamba haikuwa hivyo kwa wengi. Walitambua kwamba farasi hakujipangia bei, wala fedha aliyonunuliwa nayo haikumpa raha yoyote. Aliyekuwa ghali na aliyekuwa rahisi walivuta kigari kimoja, wakapumua vumbi moja, wakagawana kipande kimoja cha mkate.

Na farasi alipokufa? Mzoga wake ulipakiwa juu ya kigari kama alivyovuta yeye siku zote, ukapandishwa juu na kupelekwa kwa wanunuzi wa mizoga. Hapakuwa na kaburi wala matanga. Kijana hakupewa ruhusa ya siku hata moja. Kesho yake aliletewa farasi mwingine asiyeijua sauti yake, akaambiwa aende. Huzuni ya namna hiyo ni nzito kwa sababu haina mahali pa kuwekwa. Mtu akifiwa na jamaa, majirani huja, moto huwashwa, maneno ya kufariji husemwa, na siku za matanga zikiisha mfiwa hujua kwamba ameruhusiwa kurudi kazini. Kijana wa machimboni hakuruhusiwa hata kulia, maana wenziwe walikuwa wanaume, na machozi kwa ajili ya mnyama yangechekwa. Basi akanyamaza. Lakini wengi wao, walipokuwa wazee wa miaka 70 na 80, waliweza kusahau majina ya wakubwa wa mgodi na mshahara waliolipwa, wala hawakusahau jina la farasi wao wa kwanza. Wakilitaja, sauti ilibadilika. Hayo ndiyo yaliyokuwa matanga yake, yaliyocheleweshwa miaka 60.

Mwaka 1913 farasi wa machimboni katika Uingereza nzima walikuwa 70,000. Kisha mikanda ya mashine na magari ya umeme yakachukua mahali pao. Serikali ilipotwaa migodi mwaka 1947, walibaki wapata 21,000, na hesabu ikazidi kushuka. Farasi wa mwisho wa mgodi wa Ellington, katika jimbo la Northumberland, walitolewa mwaka 1994. Na mwaka 1999 farasi mmoja aitwaye Robbie alistaafu katika mgodi mdogo karibu na mji wa Pontypool, nchi ya Wales, na kazi hiyo ikaisha.

Huko huko Wales, ambako njia za chini zilikuwa pana na farasi walikuwa wakubwa kidogo, uko mgodi wa Penallta uliofungwa mwaka 1991. Ulipofungwa uliacha vilima vya taka nyeusi. Badala ya kuziacha zilivyo, fundi mmoja wa sanamu, Mick Petts, alizitumia kutengeneza umbo la farasi anayekimbia, lenye urefu wa mita 200, na juu yake likaoteshwa majani. Wenyeji walilipa jina la Sultan, kwa kumkumbuka farasi mmoja aliyependwa sana katika mgodi wa jirani. Hivyo yule ambaye hakupewa kaburi alipewa kilima. Na taka ile ile iliyotoka shimoni sasa ni malisho ya kijani, ambapo watoto hupanda na kucheza.

Farasi naye hulia, kwa namna yake. Yeye ni mnyama wa kundi, na akizoeana na mwenzake hutaka kula karibu naye na kulala karibu naye. Mmoja akifa, anayebaki huita, huzungukazunguka akimtafuta, na pengine huacha kula. Wenye ujuzi wa mifugo hushauri kwamba asiondolewe upesi mbele ya maiti ya mwenzake, bali aachwe kwa muda amnuse na kumtazama, kwani aliyekwisha kuona kwamba mwenzake ameondoka hutulia mapema kuliko yule aliyenyang'anywa bila ya kujua. Hao farasi vibeti wanaofugwa leo katika Marekani, wasiozidi sentimita 86, baadhi ya wazazi wao walikuwa wa ukoo wa farasi wa Shetland waliofanya kazi machimboni. Wao hawavuti kitu. Hufugwa kwa kupendwa tu, na wakifa huliliwa waziwazi.

Mkulima mwenye jozi ya maksai ameyaona haya kwa macho yake. Mmoja akifa, mwenziwe husimama upande wake wa nira akilia, na mahali pa mwenzake pako wazi. Vivyo hivyo punda wawili waliochota maji pamoja kwa miaka mingi. Mwenye mali hufanya hesabu ya hasara, na hesabu hiyo ni ya lazima, kwa kuwa watoto wanahitaji kula. Lakini hesabu haizuii huruma. Kumpa anayebaki siku mbili za kupumzika, kumtafutia mwenzi mpya kwa upole, kumzika aliyekufa badala ya kumtupa kichakani, hakugharimu fedha nyingi, wala hakumshushii mtu heshima.

Wako watakaosema kwamba fadhila ya punda ni mateke, na kwamba kumlilia mnyama ni kazi ya watu walioshiba. Wachimbaji wale hawakuwa wameshiba. Walikuwa na njaa, na deni dukani, na vifua vilivyojaa vumbi. Tena walijua kwamba maisha yao wenyewe yalihesabiwa kuwa rahisi kuliko ya farasi. Walilia hivyo hivyo, kwa sababu walijua aliyewavutia mzigo wao ni nani. Mzigo ulifika, nyumba za miji mikubwa zikapata moto, viwanda vikaendeshwa, na meli zikavuka bahari. Jambo dogo lililobaki kwa waliopata faida hiyo ni kukumbuka kwamba mzigo huo haukufika wenyewe.