Stelingi Aliyekuja kwa Kanda

Kizazi cha babangu kilikuwa na Amitabh Bachchan. Walimwendea kwenye sinema za Regal na Naaz, na hata uzeeni walizisimulia Deewaar na Sholay, zote za 1975, kana kwamba mambo yale yalitokea mtaani kwetu Kibokoni. Stelingi wa zama hizo alikuwa mtu wa hasira na ngumi.

Shah Rukh Khan sisi hatukumwendea popote. Alikuja kwa kanda za video, tumeketi mkekani na mama, khala na majirani, mabuibui yametundikwa. Lugha hatukuijua vyema, lakini masikio yalikwisha kuzoea: mwimbaji wa taarab Juma Bhalo alituimbia Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi tangu zamani. Katika Deewana ya 1992 hatokei hadi nusu ya pili, juu ya pikipiki. Mwenyewe alikuwa kijana wa Delhi, baba na mama wamefariki, hana ami wa kumshika mkono Bombay. Mastaa wenzake, Salman na Aamir, walizaliwa katika nyumba za sinema. Huyu alitoka kwenye tamthilia ya runinga, Fauji. Wanawake wa mtaani walimpendea kwanza uyatima wake.

Mwaka 1993 ikaja Baazigar. Stelingi anamsukuma msichana kutoka juu ya ghorofa! Khala aliapa hamtazami tena. Mwaka huohuo akacheza Darr, akigugumiza jina la mwanamke aliyemkataa, na vijana wakawa wanagugumiza vivyo hivyo barazani. Naamini hapo ndipo alipopanda. Alikubali kuchukiwa, tena katika nafasi ambazo mastaa waliokwisha kujijenga walizikataa.

Halafu Dilwale Dulhania Le Jayenge, 1995. Shah Rukh ni Raj, anayempenda Simran. Mamake Simran anatoa dhahabu zake na kuwaambia wapenzi wakimbie. Raj anakataa, anataka kupewa mke na babake Simran. Kwetu Mji wa Kale, ambako posa hupelekwa na wazee, hakukuhitajika mfasiri. Khala alisahau kiapo chake. Babangu, aliyekuwa akipita tu kwenda msikitini, safari hii aliporudi aliketi.

Na 2001, katika Kabhi Khushi Kabhie Gham, Amitabh akawa baba na Shah Rukh mwana anayekataliwa kwa sababu ya mke aliyemchagua. Nyumba yetu iligawanyika. Babangu alimtetea baba, sisi tukamtetea mwana, hadi mama akakata shauri: wote wawili wana makosa, aliyedhulumiwa ni Jaya Bachchan, mke wa mmoja na mama wa mwingine, ambaye hakuna aliyemuuliza neno.