Kadi Iliyosingiziwa

Mtaani kwetu kompyuta ikizembea, lawama huenda kwa kitu kilichonunuliwa mwisho. Ukiweka betri mpya, ni betri. Ukibadilisha kioo, ni kioo. Mpwa wangu wa Makorora, hapa Tanga, aliweka kadi ya michoro, na siku ya tatu kadi ikawa imeshahukumiwa: gemu inaganda, kwa hiyo kadi mbovu, irudishwe Kariakoo ilikotoka.

Najua wengi wenu mnaosoma hapa ni watu wa vitabu na hamna haja na kadi ya michoro. Nivumilieni. Habari yenyewe ni ya ushahidi, na ushahidi ni kazi yetu sote, anayeandika na anayesoma.

Kwanza mjue kilichokuwa mezani. Dada yangu anauza bajia na kachori jioni. Kwenye kikoba chao alichukua mkopo wa laki sita ili mwanawe, aliyemaliza kidato cha nne kwa daraja sifuri na kukaa nyumbani miaka miwili, afungue chumba cha gemu. Vijana waje, wacheze, walipe kwa nusu saa. Zikanunuliwa meza, monita, kompyuta ya mezani iliyotumika na kadi ya 230,000. Rejesho la kwanza lilikuwa Jumamosi. Muuzaji wa kadi alitoa siku saba za kurudisha. Dada akanipigia: "Mdogo wangu, wewe si ndiye msomi wetu? Njoo umwangalizie mwenzio hilo dude kabla wiki haijaisha."

Kompyuta ilikuwa Dell OptiPlex 7010, mashine ya ofisini ya mwaka 2012, ya aina ile inayostaafu kwenye makampuni na kuletwa madukani kwetu kwa bei ya kuvumilika. Kadi ilikuwa GeForce GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016. Kijana hakuchagua ovyo. Kadi nyingi za gemu zinataka waya wake wa umeme, na mashine hizi za ofisini mara nyingi hazina waya huo. GTX 1050 Ti ya kawaida inatosheka na wati 75 zinazopita kwenye tundu la ubao wenyewe. Hilo alilijua kabla sijafika, na mimi ndiye niliyejifunza kwake.

Alikuwa ameshaandika ujumbe kwa muuzaji, bado hajautuma: "Bosi, kadi haifanyi kazi." Nikamuuliza, haifanyi kazi, au haifanyi kazi uliyoitarajia? Maana hayo ni mashtaka mawili tofauti. La kwanza linamhusu muuzaji. La pili linaweza kumhusu yeyote aliyemo ndani ya boksi lile.

"Sasa mjomba, tutajuaje?"

Tukakubaliana sheria moja: tunabadilisha kitu kimoja kwa wakati, tunaandika namba, ndipo tunagusa kingine. Akaleta daftari la shule lenye kurasa tupu nyingi, akachora jedwali.

Tulianza na mambo ya aibu, yale ambayo fundi hapendi kuyauliza. Waya wa monita umechomekwa kwenye kadi au kwenye ubao? Ukichomekwa kwenye ubao, kadi inakaa bure na picha zinatolewa na prosesa. Ulikuwa kwenye kadi. Kadi iko kwenye tundu lipi? Mashine hii ina matundu mawili marefu yanayofanana kwa macho, lakini la pili lina njia nne tu za kupitisha data badala ya 16. Ilikuwa kwenye lile lenye njia 16. Draiva zikafutwa na kuwekwa upya. Namba hazikusogea.

Kisha swali zito: je, kadi ni halisi? Wapo watu wanaochukua kadi za zamani sana, wanazibadilisha programu ya ndani ili zijitaje kwa jina la kadi mpya, na kuziuza. Uhuni huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya bure ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuzitambua kadi bandia za NVIDIA. Tukaifungua. Viini 768, kumbukumbu GB 4, hakuna onyo lolote. Kadi ilikuwa ndiyo yenyewe. Kijana akaandika "halali" kwenye daftari na kupiga mstari chini yake, nikaona uso umemshuka kidogo. Kadi bandia ingemrahisishia mambo.

Jirani aliyekuwa akituchungulia dirishani akasema, "Joto la Tanga hilo, kadi inaungua." Hoja nzuri. Kadi ikizidi joto hupunguza kasi yenyewe ili isife. Tukacheza GTA V kwa nusu saa, namba zikiwa kwenye kona ya kioo: kadi nyuzi 66, mbali kabisa na hatari. Fremu 27 kwa sekunde, zikishuka hadi 15 magari yakijaa barabarani. Na namba moja iliyotunyamazisha wote watatu: kadi ilikuwa inatumika kwa asilimia 45 tu.

Hapo nilimkumbuka Karama wa *Kusadikika*. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, alikitoa kitabu hicho mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Majivuno, na utetezi wake ni kusimulia yaliyowapata wajumbe sita waliomtangulia. Anaongea sana, na anasikilizwa. Mshtakiwa wetu hakuwa na mdomo, alikuwa na asilimia 45. Asiyefanya kazi nusu ya muda ama ni mvivu, ama hajaletewa kazi.

Kuna jaribio la kutenganisha hayo mawili. Punguza ukubwa wa picha. Tukatoka nukta 1920 kwa 1080 tukaenda 1280 kwa 720, yaani mzigo wa kadi ukapungua kwa zaidi ya nusu. Kama kadi ndiyo inayolemewa, fremu zinapaswa kupanda. Zilitoka 27 zikawa 28. Kadi ilikuwa inangoja. Aliyekuwa anachelewa ni yule anayeipangia kazi: prosesa.

Tukampima sasa yeye. Core i5-3470, kasi yake ya kawaida GHz 3.2. Gemu ikianza ilifika hapo, dakika mbili baadaye ikaporomoka hadi 1.6, na joto lake nyuzi 99. Jirani alikuwa sahihi kuhusu joto, ila alinyoosha kidole mahali pengine.

Tulipong'oa feni, vumbi lilikuwa limejikunja kama sufi ya mto. Chini yake, pesti inayopeleka joto kutoka kwenye prosesa ilikuwa imekauka kama ugali wa jana. Ni miaka mingi ya ofisi isiyojulikana, kisha hewa yetu ya pwani yenye unyevu na chumvi. Tukapiga brashi, tukafuta kwa spiriti, tukaweka pesti mpya ya shilingi 8,000. Joto likashuka hadi 70, kasi ikabaki juu ya 3.2, fremu 48. Siku iliyofuata tukaongeza kipande cha pili cha RAM kutoka kwa fundi wa Ngamiani, 30,000, kwa sababu kipande kimoja kilikuwa kinatumia njia moja ya kumbukumbu ilhali ubao una mbili. Fremu 57.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, siku ya sita. Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, kwa sababu chumba hakijafunguliwa na rejesho ni kesho. Dada alisema wazi kwamba muuzaji angeipokea kadi bila maswali: "Aseme tu mbovu, arudishiwe pesa, tulipe, nyingine tutatafuta." Sikumlaumu. Pesa ya kikoba ina macho ya wanawake wenzake 20, na mmoja akikwama wote wanajua.

Sikusema kitu. Kijana alifungua daftari mbele ya mama yake, akamwonyesha safu moja baada ya nyingine kwa kidole. Hii kabla, hii baada. Hapa kadi inangoja, hapa imepata kazi. Dada hajui GHz ni nini, lakini anajua hesabu, na nadhani hakuwahi kumwona mwanawe akieleza jambo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuinamisha kichwa.

"Kwa hiyo haikuwa na kosa," akasema.

"Haikuwa nalo, mama."

Ujumbe ukafutwa. Usiku huo dada alikaanga kachori mara mbili ya kawaida yake, na Jumamosi rejesho likatimia kwa upungufu wa 5,000, ambazo mweka hazina alikubali kuzingoja hadi Jumatatu. Chumba kilifunguliwa wiki iliyofuata. Kwenye kuta mna picha za wachezaji wa Coastal Union, na ndani ya droo mna lile daftari. Ukurasa wake mpya umeandikwa juu: "Kusafisha vumbi, kila miezi mitatu."