Randa ya Kijapani na vidole vya baba mdogo

Jamani, nimekuwa nikiahirisha kuandika hii habari kwa muda mrefu kwa sababu ndani yake mimi ndiye niliyechemsha. Lakini juzi nilikuwa Keko, nikaona kijana mmoja anashusha mashine ya mtumba kwenye kirikuu, imepakwa rangi mpya ya kijani inang'aa, na uso wake umejaa furaha. Nikajiona mimi na kaka yangu mwaka 2022. Basi leo niseme tu.

Kaka yangu ni fundi seremala. Anayeijua Keko anajua namna kule kunavyofanya kazi: wenye mashine ni wachache, wenye mikono ni wengi. Ukinunua ubao wako wa mkongo au mninga unaupeleka kwa mwenye mashine, unapanga foleni, unalipia kuranda, unalipia kupasua, halafu unabeba unarudi kwenye kibanda chako kuunga. Umeme ukikatika foleni inalala hapo hapo. Mteja wa kitanda cha sita kwa sita hataki kusikia habari za foleni, anakwambia kuna duka barabarani linauza vya kutoka China na vinaletwa siku hiyo hiyo. Kaka alikuwa amepiga hesabu akaona karibu theluthi ya faida yake inaishia kwa mwenye randa. Kwa hiyo alikuwa anaweka akiba. Akafika milioni 1 na laki 4. Randa mpya ya maana kwa hela hiyo hupati.

Mimi nikajifanya mjanja. Mwandishi bwana! Nimezoea kuuliza maswali, nimezoea kutafuta. Nikazunguka siku tatu nikapata yadi moja (sitaitaja) inayouza vitu vilivyotumika kutoka Japani: majokofu, baiskeli, jenereta, na kwenye kona, randa ya mezani. Maandishi yote Kijapani. Chuma kizito, visu vikali, haina hata kutu. Jamaa akaanzia milioni 1 na laki 6.

"Hii ni Japani mwenyewe, kaka. Haijawahi kugusa ubao wa Bongo."

Akaiwasha. Ikalia vizuri kabisa, akapitisha kipande cha mbao kikatoka laini kama kioo. Kaka yangu ananiangalia, mimi naangalia mashine. Sakafuni palikuwa na kiboksi cha chuma, waya wa mashine ukiingia upande mmoja na waya wa ukutani upande wa pili. Nilikiona kile kiboksi. Naapa nilikiona. Nikadhani ni stabilaiza ya kawaida, ya jokofu, nikaona nikiuliza nitaonekana mshamba. Tukashuka mpaka milioni 1 na laki 2. Kaka alitaka arudi kesho na fundi umeme wa pale Keko, mimi nikamwambia kesho utaikuta imeondoka. Maneno yangu hayo, si ya muuzaji.

Tukaifikisha. Watu wakajaa kibandani. Kaka akachomeka ukutani moja kwa moja. Ile mashine ikapiga kelele kali mno, kali kuliko ilivyolia kule yadini, na kuna mtu nyuma yangu akapiga makofi akasema, "Ina nguvu hiyo!" Nami nikatabasamu. Haikufika dakika moja. Kwanza harufu, ile harufu ya vanishi inayoungua ambayo aliyewahi kuinusa haisahau, kisha moshi, kisha kimya.

Fundi wa kusuka mota alipokuja hakuifungua hata. Aliinama ubavuni akafuta vumbi kwenye kibao cha alumini, akaniuliza mimi niliyesoma: hapa pameandikwaje? Herufi zote za Kijapani sizijui. Lakini katikati yake palikuwa na 100V. Mia moja ni mia moja kwa lugha yoyote.

Nyumbani Japani umeme wa kawaida ni volti 100. Kwetu ni 230. Kwa kitu kama hita, ukiongeza volti mara 2.3 joto haliongezeki mara 2.3, linaongezeka mara 2.3 kuzidisha 2.3, yaani zaidi ya mara tano. Mota si hita, mambo yake yana mzunguko zaidi, lakini mwisho wake ndio ule ule: waya unapata joto ambalo vanishi yake haikuwahi kuandaliwa. Kile kiboksi kilikuwa transfoma ya kushusha umeme. Nilipompigia simu muuzaji alinijibu kwa upole kabisa kwamba kiboksi hakikuwa kwenye bei, na mbona hatukuuliza.

Na hapo si mwisho wa vituko vya Japani. Nchi ile moja ina umeme wa aina mbili. Miaka ya 1890 Tokyo walinunua jenereta za Wajerumani wa AEG za mizunguko 50, Osaka wakanunua za Wamarekani wa General Electric za mizunguko 60, na mpaka leo mashariki ni 50 na magharibi ni 60. Mashine ya huko iliyoandikwa 60Hz peke yake, hata ukiipa volti zake sawasawa, ikifika kwetu kwenye 50 mota yake ya kawaida inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na inapata joto zaidi. Tetemeko la mwaka 2011 ndipo Wajapani wenyewe walipolia, maana magharibi kulikuwa na umeme na mashariki kuna giza, na mitambo ya kuubadilisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine ilikuwa midogo mno. Haya yote niliyasoma usiku ule baada ya kuchelewa.

Kusuka upya tuliambiwa laki tatu na nusu, bila ahadi. Kaka akaiuza ile maiti kwa laki tatu, mtu akachukua visu na vyuma. Laki 9 zikaenda. Oda ya vitanda viwili vya harusi alirudisha malipo ya awali. Hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma. Aliacha tu kunipigia, na nikienda ananisalimia vizuri, ananiagizia chai, halafu anaendelea na kazi. Mwaka mzima na zaidi hatukuwahi kulitaja neno mashine.

Aliyetufungua midomo ni baba mdogo. Naye ni seremala, sasa amestaafu, anakaa Mbagala. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Tangu tukiwa wadogo tulijua ni msumeno tu, basi. Mwaka 2024 alisikia kwamba Tanga kuna karakana iliyokuwa ya shamba la mkonge, watoto wa mwenye mali wanaondoa vitu, na kuna msumeno wa duara wa Kiingereza. Akatupigia wote wawili. "Njooni wote," akasema. "Na yule mwandishi aje, atasoma kibao."

Tulipofika, watu wa chuma chakavu walikuwa wameshakuja na mzani wao. Hili nataka wenzangu mlielewe, maana ndilo linaloweka bei za mashine za zamani. Mwenye mashine ya nusu tani ambaye si fundi ana mteja mmoja wa uhakika: mtu wa skrepa, anayelipa kwa kilo. Chini ya bei ya kilo hakuuzii, lakini ukipanda juu yake kidogo tu na hela iko mkononi, anafurahi kuona kitu cha baba yake hakiendi kuyeyushwa.

Wadkin, ya Leicester, kampuni iliyoanza mwaka 1897. Mbaya wa sura: kutu, grisi iliyokauka, kinyesi cha popo. Nikafuta kibao nikasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: fezi tatu, volti 400 mpaka 440, mizunguko 50. Baba mdogo akatikisa kichwa, endelea. Umeme wa fezi tatu kwenye karakana zetu ni volti 400, na kibanda cha kaka kinao. Uingereza kwenyewe mashine kama hizi huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu nyumba nyingi za kule zina fezi moja, na mtu anayetaka msumeno wa gereji yake hawezi kuuwasha. Kinachomshinda Mwingereza gerejini kwake, kwetu Keko kinapokelewa.

Kisha mzee akaanza kazi. Akatoa mkanda, akaizungusha shafti kwa mkono huku ameweka sikio karibu. Beringi moja ilikuwa inakwaruza. Mimi moyo ukadunda, yeye akasema hilo si tatizo, soma namba. 6205. Beringi ya 6205 ina tundu la milimita 25 na kipenyo cha nje cha 52, iwe ya Sweden au ya China, na Kariakoo unaikuta. Alichokiogopa ni kingine: nyufa. Chuma cha kumimina kikipasuka hakiungiki kirahisi, na wajanja hupaka rangi juu. Ndiyo maana aliipenda ile kutu. "Iliyopakwa rangi jana inaficha kitu," alisema, na mimi nikaikumbuka ile kijani niliyoisifia kwenye mashine nyingine nyingi nilizozunguka kuziona. Akalaza rula ndefu ya chuma mezani, akachungulia chini yake kwenye mwanga, urefu, upana, kona kwa kona. Mwishowe wakaiwasha, na akasimamisha sarafu ya shilingi 200 kwa ukingo juu ya meza. Ikatikisika kidogo. Ikasimama.

Milioni 1 na laki 1. Fuso la kuileta Dar lilikula nyingine laki nne, na hapo nilitoa mimi, bila kuombwa.

Sasa basi, kitu kilichokosekana. Msumeno wa duara unapotoka kiwandani una kipande cha chuma kilichosimama nyuma ya bledi, kimepinda kuifuata, na juu yake kinga. Kazi yake ni kuzuia ubao usijibane kwenye bledi baada ya kupasuliwa. Mbao ina mikazo ndani yake, hasa iliyokaushwa harakaharaka, ukiipasua inajifunga. Ikiyabana yale meno ya nyuma, ambayo yanapanda juu kuja upande wako, inainuliwa na kurushwa kifuani mwa fundi, na mkono uliokuwa unausukuma ubao unabaki hewani mbele ya bledi. Mashine karibu zote za mtumba nilizoziona hazina kipande hicho. Kinapotea, kinatolewa ili kupitisha mfereji, hakirudishwi. Hakuna anayekishusha bei kwa kukosekana kwake kwa sababu hakuna anayekiuliza.

Kaka alikuwa na oda. Beringi zimefungwa asubuhi, mchana anataka kupasua. Baba mdogo akasema bado. Kaka, kwa heshima zote, akamwambia, baba, mteja anakuja saa kumi, nitakuwa makini. Mzee hakujibu. Akaenda kwenye boksi la umeme, akang'oa fyuzi tatu, akazitia mfukoni, akaaga, akapanda daladala kwenda Mbagala.

Kaka alikasirika, sijawahi kumwona vile. Akanigeukia mimi eti kwa nini sikumzuia. Jioni tukamfuata kwake. Shikamoo, marahaba, tukakaa. Ndipo kwa mara ya kwanza alituhadithia. Ilikuwa mashine ya bei nafuu, ya shirika fulani la umma lililokuwa linauza mali zake miaka ya 1990, na yeye na rafiki yake walichanga. Kipande cha nyuma hakikuwepo. Walisema watakitengeneza mwezi ujao, hela ikipatikana. Mara ya kwanza ubao uliporuka haukumgusa mtu, wakacheka. Mara ya pili ndiyo hii, akainua mkono. "Nilikuwa makini," akasema. "Nilikuwa makini sana."

Kesho yake alikuja na kipande cha bati nene, msasa na tupa. Akakipima unene: kiwe kinene kuliko bamba la bledi lakini chembamba kuliko njia inayokatwa na meno, la sivyo ubao hautapita. Umbali kati yake na bledi akaniambia nisome kwenye simu Waingereza wanasemaje. Wanasema isizidi milimita 8. Yeye akaweka 5. Akakitengeneza kutwa nzima. Mteja wa saa kumi alikwenda kwingine, na ile hela haikurudi.

Saa kumi na mbili na kitu akatoa fyuzi mfukoni akamkabidhi kaka. Ubao wa kwanza ulikuwa mkongo. Ulipofika nusu ukaanza kujifunga, tukauona kwa macho, ukakiuma kile chuma cha nyuma na kukwama hapo hapo. Kaka akazima. Hakuna aliyesema kitu.

Wiki iliyopita kaka kanipigia simu mwenyewe. Kuna randa, Morogoro, chuo kimoja kinaondoa vifaa vya zamani. Ametumiwa picha ya kibao tu, mashine yenyewe hajaiona, na anataka nimsomee. Jumamosi tunakwenda watatu. Baba mdogo anasema ile sarafu yake bado anayo.